Mjomba, nichukue Tikka au CZ? Na mkono wangu ndio huu wa kushoto

Shikamoo Mjomba, pole na majukumu.

Mimi mpwa wako nipo Liwale, miaka 41, nina korosho, ufuta na kamuhogo ka kula nyumbani. Shamba lipo ndani kabisa karibu na pori, ukishuka kwenye gari unapanda boda tena mpaka kiuno kinauma. Nguruwe pori wamenifanya kibarua wao, mi nalima wao wanavuna, muhogo wanaufukua wote na hata ukiwakuta hawana haraka. Gobore la marehemu baba tulishalisalimisha polisi siku nyingi, sasa safari hii hela ya korosho imeingia nikasema ngoja nifanye mambo kihalali, nikaanza kuomba kibali, kijijini, kata, wilayani, huko juu, alama za vidole, mafunzo, nimezungushwa weee lakini namshukuru Mungu kimetoka, raifo moja.

Ishu sasa ipo hapa. Duka nililoenda Dar lina raifo mbili ndani ya bajeti yangu, zote mpya za kiwandani, zote za bolti, zote za risasi ya 30-06. Ya kwanza Tikka T3x Lite, kitako plastiki nyeusi, mtutu chuma cha pua, haina vile vyuma vya kulengea, mpaka ufunge darubini. Ya pili CZ 550 Lux, kitako cha mbao ya walnati, chuma cheusi, vyuma vya kulengea inavyo. Tikka imezidi bei, tofauti yake ni bati bando mbili na misumari yake. Muuzaji anasema chukua Tikka ndo ya kisasa. Shemeji yangu wa Mtwara mjini aliwahi kuwa traka (msoma nyayo) kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii, yeye hataki kusikia, CZ tu, anasema wazungu wote aliowatembeza walikuwa na bunduki za kucha kubwa na hajawahi kuona imegoma. Mi mwenyewe moyo upo kwa CZ, ile mbao Mjomba inang'aa kama meza ya mkuu wa mkoa. Mke wangu anasema zote mbili ujinga, ningenunua pawatila.

Nataka niwe nakata leseni napata kitoweo, pongo, kuro, kongoni nikijaliwa, na hao nguruwe wanaonisumbua (siwali, nataka waondoke tu). Tembo nao wanapita, je 30-06 inaweza? Na nyati?

Halafu kuna kitu sijui kama kina maana, mi ni mashoto. Kula nakula kwa kulia maana bibi alinichapa, ila kuandika, panga, kutupa jiwe, vyote kushoto. JKT walinifundisha SMG kwa bega la kulia sikubisha, nilikuwa napata shabaha lakini sio sana.

Mpwa wako, Mashoto wa Liwale

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa, na hongera kwa kibali, najua hiyo njia ilivyo ndefu na wengi huwa wanaishia kata wanarudi kwenye upinde.

Sasa mbona jambo kubwa umeliweka mkiani kama vile unaona aibu? Umashoto wako ndio wa kuanza nao, walnati na plastiki baadaye. SMG inajikoki yenyewe, ukiwa kulia ukiwa kushoto kazi yako ni kuvuta triga. Raifo ya bolti kila risasi unaikoki wewe kwa mkono, na mkono wa bolti uko upande wa kulia kwa sababu imetengenezwa kwa mtu wa kulia. Ukiiweka bega la kushoto unalazimika kuachia mshikio, uupitishe mkono juu ya darubini, uvute, usukume, urudi, na hapo shavu limeshatoka kwenye kitako na pongo ameshaingia kichakani. Ganda nalo linatokea kulia, yaani linapita mbele ya pua yako. Watu wanazoea, sikatai, nimeona mashoto wanaokoki bunduki ya kulia haraka kuliko hao wa kulia wenyewe, ila walianza wadogo. Wewe una 41.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata senti dukani fanya hivi. Simama uani, nyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vitazame nje, vipishanishe vidole ubakize katundu kadogo katikati. Macho yote wazi, tazama kitu cha mbali kupitia hako katundu, kilele cha mnazi au bomba la sola la jirani. Fumba jicho la kulia. Mnazi ukibaki mle ndani, jicho lako kuu ni la kushoto. Ukipotea, jicho kuu ni la kulia, mkono wako uwe wa upande wowote. Rudia mara kadhaa usijidanganye. Mi nahisi litakuwa la kushoto, na kama ndivyo basi ile "sio sana" yako ya JKT tumeshajua ilikotoka, ulikuwa unalenga na jicho ambalo sio kiongozi.

Sasa tuje kwenye bunduki zenyewe nikidhani jicho ni la kushoto.

Shemeji yako hajakosea kuhusu CZ, mpe heshima yake. Hiyo 550 ni mtoto wa Mauser ya 1898, ile kucha ndefu ubavuni mwa bolti inaishika risasi kwenye kisigino tangu inapanda kutoka magazini, inaenda nayo mpaka chemba na haiiachii mpaka ganda litoke. Ukikoki nusu kwa kiwewe halafu ukavuta tena, ile risasi inarudi na bolti inatupwa nje, hairundikani na nyingine. Ndio maana wawindaji wa nyati wanazipenda za namna hii. Tikka inafanya kinyume, bolti inaisukuma tu risasi mbele na kale ka kucha kadogo kanaikamata mwishoni inapokaa chemba. Ukikoki mkono mzima mpaka mwisho haina shida yoyote, na Tikka kwa ulaini wa bolti ni balaa, unainua nyuzi 70 tu wakati CZ inataka 90, inateleza unafikiri imepakwa mafuta ya nazi. Lakini ukiwa mtu wa kuvuta nusu nusu kwa woga itakukwaza. Hilo ni la nyati. Kwa pongo aliyesimama mita 60 anatafuna majani halina uzito sana, na shemeji anasahau kwamba wale aliowatembeza walikuwa wanafuata mbogo, wewe unafuata kitoweo.

Na hapo hapo nikujibu la tembo, maana hili nalisikia sana kutoka kwenu huko ndani. Hapana. Na nyati hapana. Kaliba (unene wa risasi) ya chini inayoruhusiwa kwa wanyama wa hatari ni .375, 30-06 haifiki, na hata kama ingefika, tembo wa shambani sio wako wewe kumpiga, ni wa kuripoti kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, mamlaka ya wanyamapori, waje na askari wao. Ukimjeruhi kwa hiyo 30-06 wa kwanza kukutana naye kesho ni mtoto wa jirani anayeenda kuokota mabibo. Pilipili, mizinga ya nyuki kwenye uzio, kelele, mjipange na wenzako hapo kijijini.

Tuendelee. Zote mbili zina ulengaji unaokuzidi wewe na unaonizidi mimi, kwa hiyo hiyo hoja ya "ipi inapiga pointi" ifute. Angalia vitu vinavyokuja kukusumbua miaka ya mbele.

Unyevu. Masika yenu inaanza mwisho wa mwaka inakwenda mpaka Aprili, yote hiyo hewa ni maji matupu, na ukishuka Lindi au Mtwara mjini kumsalimia shemeji kuna chumvi ya bahari juu yake. Chuma cheusi cha CZ kinataka mafuta kila ukikishika, yaani jasho tu la kiganja ukiliacha usiku kucha asubuhi unakuta alama ya vidole imekuwa kutu. Chuma cha pua nacho kinashika kutu watu wasikudanganye, ila kinakuvumilia. Na mbao inavimba. Chukua noti ya elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele uirudishe nyuma kuelekea chemba. Kwenye Tikka itateleza mpaka karibu na chemba kwa sababu mtutu umeachwa unaelea haugusi kitako. Kwenye CZ ya mbao unaweza kukuta inakwama njiani, na ikikwama maana yake mbao inausukuma mtutu, kiangazi unasukumwa hivi masika unasukumwa vile, na wewe unabaki kumlaumu aliyekuuzia risasi. Fundi mzuri anaikwangua inakaa sawa, lakini fundi mzuri wa bunduki Liwale umemuona wapi?

Uzito. T3x Lite ni kama kilo 2.9 tupu, CZ iko kwenye 3.3 hivi. Ukitembea kutwa utaishukuru Tikka, ukifyatua utaishukuru CZ, maana 30-06 ni ileile na bunduki nyepesi inakupiga bega zaidi. Sio ya kutisha ila siku ya kwanza usipige nyingi, bega likishaanza kuogopa unaanza kufumba macho kabla ya triga na hiyo tabia haitoki.

Kwenye CZ kuna kitu muuzaji labda hajakuonyesha. Triga yake ukiisukuma mbele inalia tik, halafu inakuwa laini mno, ukiigusa tu imeshafyatuka. Kwa mtu amekaa mezani anapiga karatasi ni raha. Kwa mtu amekimbia mteremko moyo unadunda, vidole vinatetemeka, na wenzake wametangulia mbele, mi sitaki kabisa. Ukiichukua CZ hicho kitu kisahau kama hakipo, tumia triga yake ya kawaida, nayo ni nzuri tu.

Na Lux kitako chake kina kimto cha shavu, kiko upande wa kushoto wa kitako, kwa ajili ya shavu la mtu wa kulia. Wewe ukiiweka bega la kushoto hicho kimto kinatazama nje kinapigwa jua. Umelipia pambo.

Ila kuna mambo mawili CZ inaishinda Tikka na sitaki uyapuuze. La kwanza vile vyuma vya kulengea. Barabara ya Nangurukuru kuja Liwale naijua, na boda baada ya hapo naijua, darubini inafika skrubu zimelegea, au inapigwa na kitu inakufa. Mwenye CZ anaivua anaendelea na vyuma vyake. Mwenye Tikka Lite kazi imeisha anarudi nyumbani. La pili magazini. Ya CZ iko ndani ya bunduki, haitoki, inabeba tano. Ya Tikka ni kiplastiki cha kuchomoa kinachobeba tatu, ni kigumu hakivunjiki ovyo, ila siku kikidondoka kwenye majani yale ya huko wewe una bunduki ya risasi moja moja. Afadhali hii T3x, ilipotoka 2016 walilipanua dirisha la juu unaweza kuingiza risasi kwa kidole, ile T3 ya zamani ilikuwa mateso. Kwa hiyo ukichukua Tikka, magazini ya pili ni lazima uihesabu kwenye bei, iagizie siku hiyo hiyo usiseme nitakuja.

Na spea kwa ujumla. Kiwanda cha CZ walishaiweka pembeni 550, tangu 2021 raifo yao ya kuwindia ni 600 ambayo ni kitu kingine kabisa. Hiyo iliyoko dukani ni mpya lakini imekaa, ndio maana bei imelegea. Sio mbaya, 550 ni chuma cha kurithisha wajukuu, ila pini ikivunjika utatafuta. Tikka inatoka bado kule Finland kwenye kiwanda cha Sako.

Na hapa ndipo mkono wako unapoamua. Tikka wanatengeneza T3x Lite ya mashoto, bolti upande wa kushoto, chuma cha pua, 30-06, sio ya kuagiza maalum kwa mfalme, ipo kwenye orodha yao ya kawaida. CZ 550 za kushoto zilikuwepo chache na sasa hazitengenezwi. Muulize muuzaji kama anaweza kukuletea ya kushoto na itachukua muda gani, halafu kabla hujakubali kusubiri rudi kwa waliokupa kibali uwaulize kinaisha lini, usije ukasubiri bunduki kibali kikafa. Akikwambia "aah utazoea tu ya kulia", huyo anataka kumaliza stoo. Ubaya wa ya kushoto nikwambie mapema, siku ukitaka kuiuza mnunuzi wa Kusini utamtafuta kwa tochi. Mimi ningeichukua hivyo hivyo.

Bando zako za bati sasa. Ukishatoa tofauti ya bei usiende ukanunua darubini ya bei ya miwani ya stendi. Bora ungenunua bunduki ya bei ya chini na darubini nzuri kuliko kinyume chake, hili nalisema kwa kila mtu hawanisikii. Na usichukue ile inayokuza mara 20 umeona kwenye video za wamarekani wanapiga mbuzi wa milimani. Huko kwenu ni miombo, mnyama unamuona mita 40, 70, mia akizidi. Darubini inayoanza mara 1.5 au 2 ikaishia 6 au 7 inakutosha, ikiwa kubwa sana unafungua jicho unaona manyoya tu hujui ni bega au paja. Vifungio vyake viwe vya Tikka yenyewe, CZ ina vya kwake haviingiliani.

Risasi ulizia kabla ya bunduki, sio baada. Duka lako lina aina gani ambayo haikatiki? Gireni ngapi, yaani uzito wa kichwa cha risasi? Kwa wanyama wako gireni 180 ni nzuri, hiyo ni karibu gramu 12, inatosha kongoni na inatosha hata pofu ukikaa vizuri. Ukishachagua kaa na hiyo hiyo, ukibadilisha kampuni au uzito inapiga mahali pengine na unaanza kuseti darubini upya. Seti mita 100 ipige juu sentimita 5 hivi, mpaka karibu mita 200 unalenga bega bila mahesabu. Na pa kusetia muulize OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akuelekeze ni wapi unaruhusiwa, usitoke shambani unapiga mkorosho.

Kuhusu nguruwe nitakuudhi kidogo. Kibali ulichonacho ni cha kumiliki bunduki. Kuwinda ni leseni nyingine, chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009, na usiku hairuhusiwi kuwinda, na nguruwe wako wanakuja usiku. Umeona? Kwa hiyo nenda kwa afisa wanyamapori umweleze uharibifu, mwambie aje aone yale mashimo, mwelewane nini kinaruhusiwa kabla hujaanza kuvizia nguruwe gizani na tochi kichwani. Gizani kule kuna na watu wanalinda mashamba yao. Na pori la akiba la Selous au Hifadhi ya Nyerere usiingie nayo hata kama mnyama umemjeruhi akavuka, ripoti.

Mama watoto mwambie nimemsikia na sina hoja ya kumpinga. Ila kasha la chuma la kufungia bunduki nalo lipo kwenye bajeti, na lisiwe chumba cha watoto, na risasi zikae mbali. Na ukiirudisha nyumbani imelowa usiifungie humo ikiwa ndani ya begi lake la turubai, itoe, ifute, iache ipumue kwanza hata hiyo ya chuma cha pua.

Mpwa, kama jicho limetoka la kulia basi nusu ya maneno yangu ya mkono yafute. Hapo chukua bunduki ya kulia, jizoeshe bega la kulia taratibu ukiwa nyumbani bila risasi, bolti juu nyuma mbele chini mpaka mkono usiulize, na kati ya hizo mbili bado nakwambia Tikka kwa sababu ya masika yenu na fundi ambaye hayupo. Ila ukishindwa kabisa kuiacha ile mbao, chukua CZ, nunua na chupa mbili za mafuta ya bunduki, na nenda na ile noti ya elfu moja dukani uipitishe mbele ya muuzaji kabla hujalipa.